Mlima Elgon na Watu wa Mpakani

Mtu asimamapo Malaba asubuhi ya mwezi wa Januari, kabla vumbi la malori halijapanda, huona upande wa kaskazini mlima mpana uliolala kama ng'ombe aliyeshiba. Hauna ncha kali kama Mlima Kenya, wala hauna kofia nyeupe kama Kilimanjaro. Kwa sababu hiyo wapita njia wengi hawaudhanii kuwa ni mlima mkubwa. Huo ndio Mlima Elgon, ambao Wabukusu wa Kenya na Wagisu wa Uganda huuita Masaba. Kilele chake kirefu, Wagagai, kina mita 4,321, na upana wa kitako chake ni kilomita 80 hivi.

Wageni kutoka Ulaya na Marekani huvuka bahari kuja kuupanda mlima huu. Lakini wengi waishio Busia na Malaba, ambao huuona tangu utotoni, hawajapata kuukanyaga. Husemwa kwamba kupanda milima ni mchezo wa watu wasio na kazi. Maneno hayo yana ukweli kidogo, kwa kuwa mama apandaye kilima kila jioni na mzigo wa kuni kichwani hana haja ya kutafuta kilima kingine siku ya mapumziko. Hata hivyo iko sababu ya kuuendea mlima huu ambayo si ya mchezo tu. Maji mengi wanywayo watu wa nchi hii hutoka huko, na mafuriko yazoayo mashamba yao, sehemu yake huanzia huko pia. Apandaye Elgon huenda kuyaona mambo ya nyumbani kwake kutoka upande wa juu.

MILANGO MIWILI

Busia na Malaba ni milango ya Kenya upande wa Uganda. Malaba ndipo ipitapo reli itokayo Mombasa na Nairobi kwenda Tororo na Kampala, na ndipo malori ya mafuta, saruji na vyuma hupanga foleni ndefu yakingoja zamu. Busia ni mji mmoja uliokatwa na mpaka, nao una jina lile lile pande zote mbili. Inasimuliwa kwamba neno "boda boda" lilizaliwa katika miji hii, wakati vijana wenye baiskeli walipokuwa wakiwabeba wasafiri kutoka forodha ya nchi moja hadi forodha ya nchi nyingine, huku wakiita kwa sauti "boda, boda!" Leo neno hilo limeenea Afrika Mashariki yote, na baiskeli nyingi zimegeuka pikipiki.

Zamani msafiri alikaguliwa mara mbili, kwanza Kenya kisha Uganda. Tarehe 24 Februari 2018 Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni walifungua kituo cha pamoja hapo Busia, ambamo maofisa wa nchi zote mbili hufanya kazi chini ya paa moja. Malaba nako kuna kituo cha namna hiyo. Mwananchi wa Kenya au wa Uganda aweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa lake, bila pasipoti.

Mpaka wenyewe si wa kale. Nchi hii ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda hadi mwaka wa 1902, ndipo serikali ya Uingereza ilipoihamishia upande wa pili. Mwaka wa 1926 mpaka uliandikwa upya kwa kufuata mito: kutoka mdomo wa Mto Sio kwenye Ziwa Victoria, kisha Mto Malaba na Mto Lwakhakha, hadi kilele cha Sudek juu ya Elgon, na kushuka tena kwa Mto Suam. Kwa hiyo Wateso wako pande zote mbili, Wasamia kadhalika, na Wabukusu na Wagisu husikilizana lugha. Mlima nao uligawanywa vivyo hivyo, nusu huku na nusu kule, ingawa maji yake hayakuulizwa yatapita upande gani.

KITUO CHA KWANZA: KAKAPEL

Aendaye mlimani kutoka Busia hupita Alupe na Adungosi mpaka Malaba, na kabla ya kuendelea yafaa asimame katika Teso Kaskazini kutazama miamba ya Kakapel. Hapo pana mwamba mkubwa uliojiinamia kama paa la nyumba, na ukutani mwake watu wa kale walichora wanyama na maumbo ya duara kwa rangi nyekundu na nyeupe. Mahali hapo hutunzwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya.

Kwa mkulima, michoro si ajabu kubwa kuliko mavumbi yaliyo chini yake. Wataalamu waliochimba hapo walichekecha udongo kwa uangalifu na kuokota punje zilizoungua moto zamani. Habari walizozichapisha mwaka wa 2024 zasema kwamba kunde iliyopatikana Kakapel ina umri wa miaka ipatayo 2,300. Kati ya mabaki ya mimea ya shambani ambayo umri wake umepimwa katika Afrika Mashariki, hayo ni miongoni mwa ya kale kabisa. Punje za wimbi na mtama zilizofuata zina umri wa miaka 1,000 na zaidi. Basi mama wa Teso apandaye kunde na wimbi leo anafanya kazi ambayo imefanywa katika nchi hiyo hiyo, chini ya mlima huo huo, tangu karne na karne.

NJIA ZA KUUENDEA MLIMA

Kutoka Malaba njia ni mbili, na msafiri huchagua kwa kadiri ya fedha zake na siku alizo nazo.

Njia ya kwanza haivuki mpaka. Msafiri hushika barabara ya Bungoma, kisha Kitale, na kutoka Kitale hupita Endebess mpaka lango la Chorlim, mwendo wa kilomita 27 kutoka mjini Kitale. Hapo ndipo penye mlango mkuu wa Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon ya upande wa Kenya, iliyotangazwa mwaka wa 1968. Eneo lake ni kilomita za mraba 169. Ndani yake mna vibanda vya kulala na viwanja vya kupigia hema. Faida ya njia hii ni kwamba gari laweza kupanda mbali, hata karibu na mita 3,500, iwapo barabara ni kavu. Kutoka hapo hadi kilele cha Koitobos, chenye mita 4,222, ni mwendo wa saa chache kwa miguu. Mtu mwenye siku mbili au tatu tu za mapumziko aweza kwenda na kurudi kazini bila kuomba ruhusa ndefu.

Njia ya pili huvuka Malaba na kuingia Tororo, mji wenye mwamba mkubwa uliosimama peke yake, kisha Mbale, na kutoka Mbale hadi Budadiri chini ya mlima. Hapo huanza njia ya miguu iitwayo Sasa, ambayo hupanda moja kwa moja hadi Wagagai. Safari ya kwenda na kurudi huchukua siku nne hivi, na kila hatua ni ya miguu. Hifadhi ya upande wa Uganda ilitangazwa mwaka wa 1993, nayo ni kubwa mara nyingi kuliko ile ya Kenya. Asiyetaka kufika kileleni aweza kwenda Sipi, katika wilaya ya Kapchorwa, kutazama maporomoko matatu ya maji yaangukayo kutoka genge hadi genge.

Pande zote mbili msafiri hulipa ada langoni, na mwananchi hulipa kidogo kuliko mgeni wa mbali. Upande wa Kenya ada hailipwi kwa fedha za mkononi, bali kwa simu au kadi, kwa hiyo ni vema kuulizia mapema. Apandaye mpaka juu hupewa askari wa wanyama mwenye bunduki amsindikize, kwa kuwa nyati ni wengi na hawana adabu.

MAPANGO YA CHUMVI

Jambo limpalo Elgon sifa duniani si urefu wake, bali ni mapango yake. Upande wa Kenya yako Kitum, Makingeny, Chepnyalil na Ngwarisha, na mengine mengi madogo. Kitum huingia ndani ya mlima kiasi cha mita 200. Katika kuta zake mna chumvi, na kwa kuwa mvua nyingi huosha chumvi katika majani ya mlimani, wanyama huitamani sana. Ndovu huingia pangoni usiku, gizani kabisa, wakipapasa njia kwa mikonga yao. Huchokoa ukuta kwa pembe, humeng'enya mawe kwa magego, na kutoka kabla hakujapambazuka. Alama za pembe zao zaonekana ukutani hata leo. Nyati na pongo nao hufuata kulamba makombo.

Lakini atakayekwenda asitumainie kwamba lazima ataona ndovu. Wawindaji haramu waliwaua wengi, hasa katika miaka ya 1970 na 1980, na waliosalia ni wachache na waoga.

Watu nao waliyatumia mapango hayo. Joseph Thomson, msafiri wa Kiskoti aliyefika huko mwaka wa 1883, aliwakuta wenyeji wakikaa mapangoni pamoja na ng'ombe wao, wakijilinda na maadui. Wazee wa Kisabaot hata leo waweza kutaja pango fulani kuwa lilikuwa la ukoo fulani.

Jambo moja halifai kufichwa. Mwaka wa 1980, na tena mwaka wa 1987, mgeni aliyekuwa amezuru Kitum aliugua homa ya Marburg, ugonjwa wa kutoka damu ulio wa jamii moja na Ebola, na wote wawili walikufa. Wataalamu wanaamini kwamba ugonjwa huo hukaa katika popo walao matunda, ambao hulala mapangoni kwa maelfu. Watu wengi wameingia Kitum tangu wakati huo wakatoka salama. Hata hivyo mwenye busara hutazama kutoka mlangoni, haendi ndani penye popo, hagusi mavi yao, wala haketi chini yao na kula chakula. Mwenye watoto awashike mkono.

KUPANDA

Mlima huu ni volkano iliyozimika zamani sana. Wataalamu huukadiria kuwa na umri wa zaidi ya miaka milioni 20, yaani ni mzee kuliko Kilimanjaro na Mlima Kenya. Mvua za miaka hiyo yote zimeula na kuulainisha, ndiyo sababu mwinuko wake si mkali, na mtu asiye na kamba wala vyombo vya kukwelea aweza kufika juu kwa miguu yake.

Chini kabisa ni msitu wa miti mikubwa: mizeituni ya mwitu ambayo mashina yake yamenyooka kama nguzo, mipodo, na mitarakwa yenye harufu nzuri. Mbega weusi na weupe huruka juu kwa juu, na mikia yao huning'inia kama mapazia. Baada ya hapo huja mianzi, iliyosongamana hata jua haliingii vizuri. Juu ya mianzi, katika mita 3,000 hivi, miti hupungua na vichaka hushika nafasi yake. Kisha hufunguka uwanda wa nyasi ngumu, na katika uwanda huo husimama mimea ambayo mtu wa bondeni hajapata kuiona: lobelia zilizo ndefu kuliko mtu, na senesio zenye shina nene na kichwa cha majani makubwa. Usiku majani yao hujifunga kuukinga moyo wa mmea na baridi, na asubuhi hufunguka tena.

Baridi yenyewe si ya kudharauliwa. Malaba iko katika mwinuko wa karibu mita 1,200. Kwa kila mita 1,000 apandazo mtu, joto hupungua kwa nyuzi sita hivi. Basi aliyetoka Malaba akiwa na shati moja atakuta juu ya mlima baridi iliyozidi ile ya nyumbani kwa nyuzi karibu 20, na usiku sakitu huweza kufunika nyasi. Hewa nayo ni nyepesi. Mwenye nguvu za kubeba gunia la mahindi nyumbani hushangaa kuona pumzi yake yakatika kwa hatua kumi. Hilo si aibu. Aende polepole, anywe maji mengi, na kichwa kikimwuma sana au akianza kutapika, dawa ni moja tu: kushuka. Wengi walioumia milimani waliumia kwa sababu waliona haya kurudi nyuma mbele ya wenzao.

Afikapo ukingoni mwa kilele hutazama shimo kubwa la volkano, kasoko yenye upana wa kilomita nane hivi. Moto haumo tena. Zimo nyasi, vidimbwi, na vijito vyembamba visikikavyo kabla havijaonekana. Upande wa mashariki ukuta wa kasoko umepasuka, na katika pengo hilo Mto Suam hutoka. Karibu na hapo yako maji ya moto yabubujikayo kutoka ardhini, ambamo waliochoka huloweka miguu.

MAJI YAENDA WAPI

Hapo juu ndipo karani wa Busia na mkulima wa Malaba wanapopaswa kukaa kitako na kufikiri.

Mto Suam huteremka kaskazini, hugeuka jina kuwa Turkwel, hupita katika bwawa lililokamilika mwaka wa 1991 na kutoa umeme wa Kenya, kisha huenda kufia katika Ziwa Turkana. Vijito vya Kuywa, Kibisi na Koitobos huteremka kusini na mashariki na kuingia Mto Nzoia, upitao Webuye na Mumias hadi Budalang'i katika jimbo la Busia, na kumwagika Ziwa Victoria. Mto Malaba na mwenzake Lwakhakha huenda magharibi, huingia Uganda, na maji yao huishia Ziwa Kyoga. Ni kusema kwamba mvua ya usiku mmoja juu ya Elgon huweza kugawanyika mara tatu: mtu wa Turkana aipate katika jangwa, mtu wa Budalang'i aipate katika mpunga wake, na mtu wa ng'ambo ya Malaba aipate katika mihogo yake.

Msitu na uwanda wa juu hufanya kazi ya mtungi. Mvua iangukapo penye miti na nyasi nene, udongo huinywa na kuitoa kidogo kidogo, ndiyo maana mito hiyo hutiririka hata mwezi wa Februari wakati visima vya bondeni vimekauka. Mvua hiyo hiyo ianguKapo penye mteremko uliokatwa miti na kulimwa bila matuta, haina wa kuizuia. Hushuka yote kwa pamoja, na udongo pamoja nayo.

Upande wa Uganda jambo hili limelipiwa kwa uhai wa watu. Tarehe 1 Machi 2010, baada ya mvua nyingi, ardhi iliporomoka na kufunika kijiji cha Nametsi katika wilaya ya Bududa, na watu zaidi ya 100 wakafa. Mwezi wa Oktoba mwaka wa 2018 maporomoko yalirudi katika wilaya hiyo hiyo na kuua makumi. Mteremko wa Bududa ni mkali kwa asili yake na mvua zilikuwa kubwa, kwa hiyo si haki kusema kwamba shoka peke yake ndilo lililoua. Lakini mizizi ya miti hushika udongo, na mahali ilipoondolewa udongo haukuwa na wa kuushika.

Upande wa Kenya adhabu huja mbali na mlima, na pengine ndiyo sababu watu hawaihusishi na mlima. Wakazi wa Budalang'i wanaujua Mto Nzoia kwa wema na kwa ubaya. Kingo za udongo zilizojengwa kuuzuia zimevunjika mara nyingi, na mwaka wa 2020 maelfu walihama nyumba zao tena. Maji hayo hayatoki Elgon peke yake, kwa maana Nzoia hunywa pia katika vilima vya Cherangani. Lakini mwenye shamba Budalang'i akiambiwa kwamba miti inakatwa karibu na Kapsokwony, habari hiyo ni yake, kama vile mwenye nyumba aambiwavyo kwamba paa la jirani linawaka moto.

WATU WA MLIMANI

Msafiri asidhani kwamba huko juu ni nchi isiyo na wenyewe. Wasabaot wamekaa katika miteremko ya Elgon tangu zamani, na katika uwanda wa Chepkitale wako Waogiek, wafugaji na warina asali. Mwaka wa 2000 Chepkitale nayo ilifanywa hifadhi ya wanyama, na wenyeji wakaambiwa si mahali pao tena. Mwaka huo huo walifukuzwa kwa nguvu, lakini wengi walirudi. Walikwenda mahakamani, na mwaka wa 2022 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Bungoma iliwapa haki, ikisema kwamba nchi hiyo ni ya jamii yao.

Kati ya mwaka wa 2006 na 2008 ugomvi wa ardhi uligeuka vita katika miteremko hiyo. Watu wengi waliuawa, wengine walikimbilia Bungoma na hata Uganda, na wageni waliacha kuja. Amani ilirejea, lakini mahali palipopata jeraha kama hilo hutaka mgeni mwenye staha: asalimu kwanza, aulize kabla ya kupiga picha, na amkodi kijana wa hapo hapo kumwonyesha njia na kumbebea mzigo. Fedha ya mgeni ikiingia katika nyumba zilizo karibu na msitu, wenye nyumba hizo huona faida ya mti uliosimama. Ikipita juu yao kwenda mbali, mti uliosimama huwa ni kuni tu zilizochelewa.

SHAURI KWA WASAFIRI

Miezi mizuri ya kupanda ni kuanzia Desemba hadi Machi mwanzoni, mvua zikiwa chache. Mwezi wa Aprili na wa Mei njia huwa tope tupu, na magari hukwama. Atakayekwenda achukue sweta mbili, koti la mvua, viatu vilivyokwisha zoea mguu, blanketi zito au mfuko wa kulalia, tochi, na chakula kisichohitaji moto mwingi: njugu, viazi vilivyochemshwa, mkate na sukari. Taka zake arudi nazo.

Gharama humtisha mtu mmoja, lakini hazitishi kikundi. Matatu moja iliyokodiwa na walimu, au na chama cha ushirika cha wakulima, huwafikisha watu kumi na wanne Chorlim kwa nauli ya kuchangiana. Shule za Busia na Teso zaweza kufanya hivyo wakati wa likizo ya Desemba, na safari hiyo moja itawafundisha wanafunzi jiografia kuliko ramani ya ukutani. Waanzie Kakapel, walale Kitale, wapande asubuhi.

Tena yafaa safari hiyo ichukue wazee na vijana pamoja, hasa wale wanaokaa katika kamati za maji na za misitu. Mara nyingi katika mikutano ya namna hiyo watu wa bonde na watu wa mlima huteta bila kuonana, kila mmoja akidhani mwenzake ana tamaa. Mkulima wa Budalang'i aliyekwisha pita Kapsokwony kwa miguu, akaona jinsi shamba la mwenzake lilivyo dogo na mteremko ulivyo mkali, hataridhika na kusema tu kwamba miti isikatwe. Atauliza pia huyo wa juu atapikia nini, na nani atamsaidia kuchimba matuta na kupanda miche. Maswali hayo mawili yana faida kuliko hotuba nyingi, na mahali pa kuyajifunza si mbali: kutoka Malaba, katika asubuhi isiyo na vumbi, mtu hupaona kwa macho.